Kizuri Chajiuza: Kununua Diski ya Laptopu Kuukuu Keroka

Msomaji wangu wa pwani, huenda Keroka hujapata kufika. Ni mji wa milimani, katika barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, umeupasua katikati, hata kaunti hizo zimepata kugombea ushuru wa soko lake. Ndizi na mboga huteremshwa hapo kwa wingi. Na siku hizi, kando ya mitumba ya nguo, ipo mitumba mingine: laptopu zilizokwisha tumika ng'ambo.

Mwenyeji wangu huko ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi amekuwa akirekodi sauti za wazee wakisimulia ngano na vitendawili vya Ekegusii, na baadhi ya wazee hao wamekwisha fariki. Sauti zote zilikuwa katika laptopu yake ya mwaka 2011, ndani ya diski moja tu, na diski hiyo ilikuwa imeanza kugonga kama saa mbovu. Akaniuliza, "Mswahili wangu, ninunue diski gani, na pensheni yenyewe ndiyo hii?" Tukaenda sokoni pamoja. Tuliyoyaona nakuwekea hapa, maana laptopu kuukuu haziko Keroka pekee. Lamu, Malindi na Unguja zimejaa tele.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Diski ya kale ina sahani zizungukazo, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba uendao huku na huku kutafuta maandishi. SSD haina kizungukacho. Huhifadhi kwa umeme ndani ya vijiwe vya kumbukumbu vya aina ya NAND, ambavyo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba, Japani, walivitangaza mwaka 1987. Ndiyo maana laptopu iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka, ikitiwa SSD huamka kabla hujamaliza kikombe cha kahawa chungu.

Lakini hapa ndipo wengi hulipia wasichokitumia. Njia ya SATA katika laptopu nyingi za miaka ile hupitisha kiasi cha megabaiti 300 kwa sekunde, na katika zilizofuata 600. SSD ya bei ya kadiri hufika 500. Basi kutafuta yenye mbio kupita zote ni kufunga mashine ya meli kwenye dau. Tazama umbo pia: laptopu za umri huo hutaka diski ya inchi 2.5, wala ile nyembamba iitwayo M.2 haiingii humo.

Kijana wa duka la kwanza alituwekea diski isiyo na jina lijulikanalo, imeandikwa terabaiti 2, na bei yake chini ya ile ya gigabaiti 240 yenye jina. "Mzee, hii ndiyo inayotoka," akasema. Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ujanja wa bidhaa za namna hiyo wajulikana. Ndani hutiwa kijiwe kidogo, kikafundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni kikubwa. Kikishajaa, kinachoandikwa baadaye hupotea au hufuta cha awali. Tuliomba ijaribiwe kwa H2testw, programu inayoijaza diski yote kisha ikaisoma tena. Kijana akairudisha kabatini.

Duka la pili tulipewa Kingston A400 ya gigabaiti 240. Kiwanda chenyewe kimetaja kwamba inastahimili kuandikwa terabaiti 80, na dhamana yake ni miaka 3. Piga hesabu: mwalimu akiandika gigabaiti 20 kila siku, jambo lisilomkini kwake, atahitaji zaidi ya miaka 10 kuzimaliza. Ila jina nalo hughushiwa. Kwa hiyo hata hiyo ilijaribiwa mbele yetu. Na kama utanunua iliyokwisha tumika, mwambie fundi akufungulie CrystalDiskInfo, uone afya yake na saa ilizofanya kazi.

Kisha dai risiti. Fiqhi ya biashara humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akigundua kina aibu iliyofichwa. Risiti yenye tarehe na namba ya diski ndiyo shahidi wako siku hiyo.

Jambo la mwisho ndilo zito. Diski ya kale hugonga na kukwaruza, ikakupa habari. SSD aghalabu hufa kimya, asubuhi moja isionekane tena, na kuyatoa yaliyomo ni kazi ngumu na ghali. Kwa hiyo fundi alinakili sauti za wazee kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Simulizi chache hazikufunguka, zilizobaki zimesalimika. Nakala moja imo katika SSD mpya, na nyingine katika diski ya nje iliyowekwa kwa binti yake, Kisii mjini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe msomaji, kama kaswida alizosoma babu yako au picha za harusi ya mama zimo katika diski moja tu, usingoje igonge.