Njia za Miguu Katika Vilima vya Burren, Ireland (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi mawe ya chokaa ya Burren, eneo la vilima lililoko kaskazini mwa Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland, yalivyojengeka katika sakafu ya bahari ya joto miaka milioni 330 hivi iliyopita, na jinsi barafu za zama za baridi kali zilivyoyakwangua baadaye. Sehemu hii inahusu kuyatembelea kwa miguu, jambo lisiloweza kuelezwa vyema bila kuwataja wafugaji, kwa kuwa njia nyingi za Burren hupita katika malisho ya ng'ombe, na uzuri unaowavuta wageni umetokana na malisho hayo kwa kiasi kikubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani.

Nchi ambayo maji ya mvua, yenye asidi hafifu, huyeyusha mawe ya chokaa pole pole na kuchimba mapango na mifereji chini kwa chini, huitwa karsti, na aliyewahi kuingia mapango ya Amboni karibu na Tanga ameiona kazi hiyohiyo ya maji. Katika Burren kazi hiyo imeukata mwamba wa juu kuwa mabamba mapana yaliyotenganishwa na nyufa, nyingine zikiwa na kina cha mita moja na zaidi, hivi kwamba mtembeaji hulazimika kutazama anapokanyaga, hasa baada ya mvua, ambapo mabamba huteleza na mawe yaliyolegea hucheza chini ya mguu. Lakini nyufa hizo ndizo bustani ya Burren. Ndani yake upepo haufiki wala mdomo wa ng'ombe haufiki, na kwa sababu hiyo jimbi na mimea mingine ya kivulini hustawi humo, ilhali juu, kwenye udongo mwembamba baina ya mawe, huchanua kuanzia mwezi Aprili jentiana, ua dogo la buluu iliyokolea linalojulikana zaidi katika milima ya Alpi, na driasi, ua jeupe la nchi za aktiki, yakiwa jirani na okidi ambazo makazi yake ya kawaida ni pwani ya Mediterania. Zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya asili ya Ireland hupatikana katika eneo hili dogo, na ni nadra mimea ya baridi kali na ya joto kukutana hivyo karibu na usawa wa bahari.

Kukutana huko kunatokana na sababu kadhaa, zikiwemo bahari inayopunguza makali ya baridi na udongo wenye chokaa, lakini sababu inayostahili kuelezwa kwa urefu ni utaratibu wa ufugaji. Katika nchi nyingi za milima ya Ulaya, mifugo hupandishwa milimani wakati wa kiangazi na kuteremshwa mabondeni baridi inapoanza. Wafugaji wa Burren hufanya kinyume chake. Ng'ombe hupandishwa vilimani mwishoni mwa Oktoba na kuachwa huko hadi Aprili, kwa kuwa mawe ya chokaa huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa taratibu, ardhi hukauka upesi mvua inapokatika, na chemchemi huwapa wanyama maji yenye madini ya kalisi. Wakiwa huko hula majani makavu na machipukizi ya vichaka, kisha huondoka kabla ya maua kuchanua, nayo maua huikuta ardhi imesafishwa na mwanga unafika hadi chini. Ng'ombe wanapopungua, hazeli, ambayo ni mti mfupi unaozaa kokwa, huenea haraka na kuifunika mimea midogo. Kwa muda mrefu uhifadhi ulidhaniwa kuwa ni kuwaondoa mifugo, na ni jambo la kushukuriwa kwamba mradi wa BurrenLIFE, ulioanza mwaka 2005, uliwashirikisha wafugaji katika utafiti na kuandaa njia ya kuwalipa kwa utunzaji huo.

Mahali pazuri pa kuanzia matembezi ni Hifadhi ya Taifa ya Burren, yenye hekta 1,500 hivi, upande wa kusini-mashariki. Kutoka njia panda ya Gortlecka huanzia njia kadhaa zilizotiwa alama za rangi mbalimbali, fupi kwa wenye watoto na ndefu kwa wenye nguvu, na ile inayozunguka kilima cha Mullaghmore ndiyo inayofaa kuchaguliwa na mwenye muda, maana matabaka ya kilima hicho yamepinda kama mikeka iliyokunjwa, na chini yake liko ziwa dogo la Lough Gealáin. Karibu na hapo yapo pia maziwa ya msimu, yanayoitwa turlough, ambayo hujaa maji yanapopanda kutoka chini ya ardhi na kukauka yanapozama tena kwa njia zilezile, bila mto unaoingia wala unaotoka. Serikali ilianza kujenga kituo cha wageni chini ya Mullaghmore katika miaka ya 1990, wakazi wakagawanyika, kesi zikafika mahakama ya juu, na hatimaye ujenzi uliondolewa. Ukimya unaopatikana leo mahali hapo unaonyesha kwamba waliopinga waliona mbali.

Njia ndefu kuliko zote ni Burren Way, ya takriban kilomita 114, inayoanzia Lahinch kwenye pwani, ikapita Doolin na Ballyvaughan na kuishia Corofin. Hutumia barabara ndogo na njia za kale za mifugo, na si mbali nayo lipo kaburi la Poulnabrone, lililojengwa kwa mabamba makubwa ya mawe zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambamo uchimbaji wa miaka ya 1980 ulifukua mabaki ya watu wasiopungua 33.

Mgeni anapaswa kujua kwamba sheria ya Ireland haimpi mtu haki ya jumla ya kutembea katika mashamba ya wengine, na njia nyingi zipo kwa ridhaa ya wenye ardhi. Kwa hiyo malango huachwa kama yalivyokutwa, mbwa huachwa nyumbani, na kuta za mawe zisizo na saruji hazipandwi. Imezuka pia tabia ya wageni kung'oa mawe na kuyapanga kuwa minara midogo ya ukumbusho, tabia inayoharibu mwamba na makazi ya wadudu na mimea, na inayofaa kukomeshwa.

Upande wa kaskazini, kwenye rasi ya Black Head, vilima hushuka hadi baharini, na karibu na Fanore hupita Caher, mto wa pekee katika Burren unaotiririka juu ya ardhi hadi kufika baharini. Sehemu ya tatu itaifuata pwani hiyo kuelekea kusini hadi kwenye majabali ya Moher, yenye urefu wa mita 214, ambako mawe ya chokaa hayaonekani tena na miamba ya mchanga na tope lililogandamana ndiyo inayotawala.