Aliyeponea Chupuchupu Asinyamaze

Ajali haina kinga. Msemo huu tumeurithi, na aghalabu husikika matangani, maiti akiisha kuzikwa na watu wakitafuta neno la kuwaliwaza wafiwa. Kwa kuliwaza, ni msemo mwema. Lakini ukitangulizwa kabla ya safari, badala ya kungojea baada ya msiba, huwa ni sumu. Wazee wetu hawakutuachia huo peke yake. Walituambia pia kwamba tahadhari ni kabla ya athari, na wakatuambia: kawia ufike.

Leo, mpenzi msomaji, nataka tuzipime methali hizi kwa watu ambao sisi wa pwani huwasikia wakivuma juu ya mapaa yetu lakini ni nadra kuketi nao barazani. Nao ni marubani wa ndege ndogo, wale warukao kwa leseni ya binafsi, wasiochukua abiria wa nauli.

Mimi si rubani. Lakini nimeketi nao, nimepanda ndege zao, na nimesoma mengi yaliyoandikwa juu yao. Nililojifunza kwao ni kwamba kosa lililokaribia kuua lina faida kubwa kuliko kosa lililoua. La kwanza limebakisha msimulizi. La pili limebakisha majivu na maswali.

NENO LA BAHARINI

Neno "rubani" si geni kwetu. Kabla haijaonekana ndege, rubani alikuwa mtu wa chombo, mjuzi wa miamba, mikondo na milango ya bandari, na neno lenyewe limetokana na Kiarabu cha mabaharia. Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alikuwa mwana wa rubani. Ujuzi wake aliuandika ili wa baadaye wausome, wala hakwenda nao kaburini.

Manahodha wetu wengi hawakuandika, lakini walisimulia. Nani katika sisi hakumsikia mzee akieleza jinsi kusi lilivyomkamata nje ya miamba, tanga likapasuka, shehena ikamwagwa? Kijana aliyeketi pembeni akisikiliza alikuwa anasoma bila ya kujua kuwa anasoma. Siku ilipomfika yeye, alikwisha kuonywa.

Urubani wa angani una haja hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huko juu hakuna kutia nanga ukafikiri.

YALIYOTOKEA VOI

Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyekuwa na nyumba yake Takaungu, aliruka kutoka Voi kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Alikuwa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Haikupita muda ndege ikaanguka na kuwaka moto, na wote wawili wakafa.

Mengi yameandikwa juu ya Finch Hatton, na hata filamu zimemtaja. Kamau hatajwi sana. Lakini hata katika mengi hayo hakuna awezaye kusema kwa yakini ni kitu gani kilichoiangusha ndege ile. Waliojua ni wawili, na wote wawili wamelala. Kwa hiyo rubani aliyefuata kuruka kutoka Voi hakupata hata neno moja la kumfaa.

DAKIKA TATU

Sasa hebu tutazame jambo linalowaua marubani wa leseni ya binafsi tangu zamani hata leo, nalo ni kuingia mawinguni bila ya kufundishwa.

Mtu aliye nchi kavu hudhani kuwa mwili unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Unajua, maadamu macho yanaona. Ndani ya sikio mna maji kidogo yanayotuambia tunapoinama na tunapogeuka. Ndege ikianza kugeuka taratibu, maji hayo hutulia baada ya muda, na mwili ukaapa kuwa unakwenda sawa. Nje ni weupe mtupu. Ndege inalala ubavu, inaanza kushuka kwa mzunguko, na rubani akivuta usukani ili ipande, huzidi kuubana ule mzunguko.

Mwaka 1954, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilijaribu jambo hili. Waliwachukua watu 20 wasiojua kuruka kwa vipimo, wakawazuia wasione nje, kama walio ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Wa kwanza alishindwa kwa sekunde 20, na aliyejitahidi sana alifika dakika 8. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, yaani hazitimii dakika tatu.

Baadaye walifundishwa jambo moja jepesi, kugeuka polepole kwa kutazama vipimo na kurudi walikotoka. Karibu wote wakafaulu. Kwa hiyo dawa ya wingu inajulikana tangu miaka hiyo, nayo ni kurudi.

Hata hivyo watu wanaendelea kufa. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, aliruka juu ya bahari akielekea kisiwa cha Martha's Vineyard pamoja na mkewe na shemeji yake. Leseni yake haikuwa ya kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake. Usiku ule ulikuwa na ukungu mwepesi, na mpaka wa bahari na mbingu haukuonekana. Wachunguzi walisema kuwa alipotewa na mwelekeo, ndege ikamshinda. Wote watatu walikufa. Ukubwa wa jina haukumfaa kitu mbele ya yale maji ya sikioni.

MAZIKO YA MMOJA, MAZIKO YA WANNE

Nami nimewahi kuliona wingu hilo kwa macho yangu. Tulikuwa wanne katika ndege ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akijirusha mwenyewe, tumetoka uwanja wa Manda kuelekea Mombasa. Ilikuwa siku za masika. Miongoni mwetu alikuwa mzee mmoja wa Lamu ambaye nduguye amefariki usiku, na maziko yalikuwa baada ya sala ya alasiri. Rubani alimpa nafasi kwa ihsani.

Tulipoipita Kipini, mbele yetu juu ya Ghuba ya Ungwana palisimama ukuta wa kijivu, kutoka mbinguni hadi majini. Rubani alishuka kidogo akautazama. Akatazama saa yake, akatazama vipimo vya petroli, kisha akaanza kugeuza.

Mzee alipotambua kuwa jua limehamia upande mwingine, alisema, "Mwanangu, unarudi? Ndugu yangu anangojwa na kaburi."

Rubani akajibu bila ya kugeuza kichwa, "Ami, niwie radhi. Bora tukose maziko ya mmoja kuliko kuwapa watu maziko ya wanne."

Mzee hakusema tena. Tuliteremka Manda, tukavuka kwa mashua mpaka Lamu, na alasiri ikatukuta huko. Ndugu alizikwa bila ya nduguye. Siku ya pili mzee alifika Mombasa akaomba dua kaburini, na najua kwamba jambo lile lilimchoma. Sisemi kuwa halikuwa na uzito. Kumsindikiza ndugu ni haki, na rubani alilijua hilo kama tulivyolijua sisi.

Usiku ule barazani ndipo aliponieleza kwa nini hakusita. Miaka kadhaa nyuma, alipokuwa akienda Nairobi, alijipenyeza chini ya mawingu karibu na milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Mawingu yakamfunika. Vipimo vilimwambia kuwa ndege inalalia kushoto, na mwili ukamwapia kuwa iko sawasawa. Alipochomoza chini ya wingu, miti ilikuwa karibu kiasi cha kuyatofautisha matawi.

Hakumwambia mtu. Aliona haya. Hatimaye kijana mmoja aliyekuwa akimheshimu kama kaka alifanya vivyo hivyo katika njia ile ile, naye akanusurika. Kijana alipomsimulia, yeye akakiri kuwa yalimpata. Kijana akamtazama, akauliza, "Kaka, mbona hukuniambia?"

"Swali hilo," aliniambia, "lanikaa hapa hata leo," akajigusa kifuani.

KUSITIRI NA KUFICHA

Hapa ndipo penye fundo, na ndipo panapotuhusu sisi. Sisi ni watu wa sitara. Tumelelewa kuwa aibu ya mtu haianikwi, na ya nafsi yako zaidi. Adabu hii ni njema, nami siichezei. Lakini iko tofauti baina ya kumsitiri mtu na kuwaficha watu shimo lililo njiani. Unaweza kulificha jina la aliyetumbukia na shimo ukalionyesha.

Wamarekani walijifunza tofauti hii kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya kampuni ya TWA iliyokuwa ikishukia Washington iliugonga mlima huko Virginia, wakafa watu wote 92. Marubani wake walifahamu vibaya ruhusa ya kushuka, wakashuka mapema. Ilipochunguzwa, ikabainika kuwa wiki sita kabla, ndege ya kampuni nyingine iliponea chupuchupu mahali pale pale kwa kosa lile lile. Marubani wa ndege hiyo waliiambia kampuni yao, na kampuni ikawaonya watu wake. Wa kampuni nyingine hawakusikia.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1976 ulianzishwa mpango wa kupokea habari za kunusurika, ukawekwa mikononi mwa NASA, shirika ambalo si lenye kutoa adhabu. Rubani huandika lililompata. Jina lake hufutwa, na funzo likatangazwa. Akipeleka habari kabla ya siku 10, na ikiwa hakukusudia ubaya wala hakukutokea ajali, husamehewa adhabu. Uingereza nayo ilianza mpango wake mwaka 1982. Habari zilizopokewa Marekani zimepita milioni moja. Hiyo ni baraza ya manahodha, ila baraza hii ina makarani.

MARADHI MATANO

Wakuu wa urubani wa Marekani wameyataja maradhi matano ya moyo yanayomponza rubani. La kwanza ni ukaidi: mimi siambiwi. La pili ni pupa: fanya upesi, lolote liwalo. La tatu ni ghururi: hayo huwapata wengine. La nne ni ujuba: nitawaonyesha mimi ni nani. La tano ni kusalimu amri: nifanyeje, yaliyoandikwa yameandikwa.

Hayo mengine yanajulikana. La tano ndilo linalojificha kwetu, kwa kuwa hupenda kuvaa kanzu ya uchaji. Lakini sote tunakijua kisa cha bedui na ngamia wake, aliyefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Rubani hufunga ngamia wake kwa kijiti anachochovya ndani ya tangi la bawa, apime mafuta kwa mkono wake asitosheke na mshale wa kipimo. Humfunga tena kwa hesabu. Aliyezoea Mombasa, karibu na usawa wa bahari, akifika uwanja wa Wilson, Nairobi, wenye kimo cha zaidi ya futi 5,500, hukuta hewa nyepesi. Injini hupungua nguvu, bawa hupungua mshiko, na ndege iliyojaa watu wanne hula njia ndefu zaidi kabla haijanyanyuka. Saa sita mchana, jua likiwaka, huwa vibaya zaidi. Asiyepiga hesabu akiwa chini ataipigiwa mwisho wa uwanja, miti ikimjia.

Na haya si ya marubani peke yao. Nahodha wa mashua iliyozidisha abiria akafika salama hudhani kuwa amepata ustadi, kumbe amepata bahati. Dereva aliyelipita lori konani akanusurika atalipita tena kesho. Kunusurika humfunza mtu mambo mawili yanayopingana: ama huogopa akajirekebisha, ama huthubutu akazidi. Linaloamua ni kama jambo hilo lilizungumzwa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni fupi. Chuoni, gereji, ofisini, chomboni na nyumbani, tuweke desturi ya kuuliza, "Wiki hii nini kilikaribia kuharibika?" Atakayejibu asichekwe, asifukuzwe, wala jina lake lisipelekwe sokoni. Mzee aliyeponea asingoje kuulizwa. Na abiria, dereva au rubani wako akigeuza kwa sababu ya hali ya njia, mwombe radhi kwa kumharakisha, kisha umshukuru. Lawama yake ni ya siku moja.