Neno kama mlango: jinsi kompyuta zinavyoingiliwa

Watu wengi wasikiapo kwamba kompyuta zimeshambuliwa kupitia mtandao, hudhani kuwa mshambuliaji ni fundi aliyebomoa ukuta usiobomoleka. Mara nyingi sivyo. Baadhi ya mashambulizi yaliyovuma sana yalipitia katika lugha, yaani katika neno lililochaguliwa vibaya au katika barua iliyosomwa kwa haraka. Kwa hiyo suala hili haliwahusu mafundi peke yao. Mwanaisimu naye analo la kusema.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Programu ya namna hiyo huitwa mnyoo, ili kuitofautisha na kirusi, ambacho hakina budi kujipachika ndani ya faili nyingine. Intaneti ya siku hizo ilikuwa na kompyuta zipatazo 60,000, na ilikadiriwa kwamba 6,000 kati yake ziliathirika. Mnyoo huo ulitumia kasoro za programu, lakini pia ulikisia maneno ya siri. Ulijaribu jina la mtumiaji, kisha namna mbalimbali za kuligeuza, na uliposhindwa uligeukia orodha yake ya maneno 432. Kamusi ndogo ya mfukoni ina maneno mengi kuliko hayo, lakini orodha hiyo ilitosha kufungua akaunti nyingi.

Hapa istilahi yenyewe inapotosha. Tunaposema «neno la siri», kama Wafaransa wasemavyo «mot de passe», tunamwelekeza mtumiaji achague neno moja, nalo hulichagua katika msamiati alio nao. Wengine hujifariji kwamba neno la Kiswahili ni salama kwa kuwa mgeni halijui. Lakini anayekisia si mgeni, ni mashine, nayo husoma orodha ya lugha yoyote. Hata wingi wa viambishi vyetu hausaidii sana, kwani mashine hufundishwa kanuni za kuongeza herufi mwanzoni na mwishoni mwa shina. Afadhali maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyopatikana kwa kura, na yasiyotumiwa katika akaunti nyingine. Pengine istilahi «nywila», ambayo wengi huiona ngeni, ina faida hii moja: haimwambii mtu aandike neno.

Mfano wa pili ni wa tarehe 4 Mei 2000. Kutoka Ufilipino ilienea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani «nakupenda», na ndani yake faili iliyojidai kuwa barua ya mapenzi. Iliyemfikia hakuitilia shaka, kwa sababu ilitoka kwa mtu anayemfahamu: kila ilipofunguliwa, ilijituma kwa wote waliomo katika daftari la anwani la mwathirika, huku ikiharibu picha zake. Bunge la Uingereza lililazimika kufunga huduma yake ya barua pepe.

Faili zina ngeli zake, nazo hutambulishwa na kiambishi tamati. Jina la faili hiyo lilionekana kuishia na TXT, yaani maandishi matupu. Kumbe baada yake kulikuwa na kiambishi kingine, vbs, kinachotambulisha programu ya kutendeshwa. Windows ilikuwa imepangwa kuficha viambishi inavyovijua, na hata leo ndivyo ijavyo. Ni kama kumwonyesha mtu kitenzi huku umekificha kiambishi cha ukanushi. Katika mipangilio, kila mtumiaji anaweza kuiamuru mashine ivionyeshe vyote, na kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Mtuhumiwa wa Manila hakuhukumiwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria iliyolikataza tendo hilo. Ile iliyotiwa saini Juni 2000 haikuweza kurudi nyuma. Kongo nayo ilipata sheria yake kuu ya mambo ya dijitali tarehe 13 Machi 2023.

Si kila shambulio hungoja msomaji akosee. WannaCry, ya tarehe 12 Mei 2017, iliingia yenyewe katika kompyuta zaidi ya 200,000, ikafunga faili kwa fumbo na kudai dola 300. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kasoro hiyo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Ushauri wa kusasisha programu ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata pale ambapo intaneti hununuliwa kwa megabaiti na umeme hukatika. Basi mwanafunzi anayebeba tasnifu yake katika flashi moja, akiichomeka kila duka la uchapaji, na awe na nakala ya pili isiyounganishwa na mashine yoyote, maana programu za namna hiyo hufunga pia kilichochomekwa.

Tangazo la WannaCry la kudai fidia liliandikwa katika lugha 28. Wataalamu walioyachunguza matini hayo waliona kwamba yale ya Kichina yaliandikwa na mtu aijuaye lugha hiyo vizuri, na kwamba mengi ya mengine yalikuwa tafsiri ya mashine kutoka Kiingereza. Kifaransa kilikuwamo. Kiswahili hakikuwamo.