NISBA YA MAZRUI: ASILI YAKE, KUENEA KWAKE NA HUKUMU YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Huulizwa darsani: mtu akiitwa Mazrui, je, jina hilo pekee linamthibitishia nasaba na kumpa haki katika mirathi ya Wamazrui? Kabla ya kujibu hatuna budi kuijua asili ya jina lenyewe.

ASILI YAKE
"Al-Mazrui" ni nisba, yaani jina lenye yaa mwishoni linalomuegemeza mtu kwenye kabila, mji au kazi. Herufi zake za asili ni zay, raa na ayn, na maana yake ni kupanda mbegu. Wingi wake kwa Kiarabu ni "Al-Mazari'", na kabila hili lilikuja kwetu kutoka Oman.

KUENEA KWAKE
Waomani waliichukua Ngome ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Katika karne ya 18 Muhammad bin Uthman Al-Mazrui akafanywa liwali wa mji huo. Utawala wa Oman ulipotoka kwa Ya'ariba ukaingia kwa Albusaidi, Wamazrui walikataa kuwatii, wakaushika mji mpaka mwaka 1837 ulipochukuliwa na Seyyid Said bin Sultan. Wakubwa wao wengi walikamatwa wakahamishwa, na waliosalia wakatawanyika: wengine Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na wengine Gazi, kusini. Ndiyo sababu jina hili likaenea mwambao mzima.

Baada ya utawala kuondoka, elimu ilibaki. Katika wanavyuoni wao ni Sheikh Al-Amin bin Ali (1891-1947), Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye pia aliandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake.

HUKUMU YAKE
Makabila ya pwani yaliyokuwa na mashamba yalikuwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na wengi walioachwa huru walibaki na nisba za mabwana zao. Basi nisba moja yaweza kuchukuliwa na mtu kwa damu, na mwengine akaichukua kwa walaa.

Jambo hili si geni wala si aibu. Imamu Bukhari mwenyewe huitwa Al-Ju'fi, na hakuwa wa kabila hilo kwa damu. Babu yake mmoja alisilimu mikononi mwa mtu wa Ju'fi. Hakuna aliyemshusha daraja kwa hilo. Lililokatazwa ni mtu kujinasibisha kwa makusudi na asiyekuwa baba yake. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini na mawali wetu. Ndipo Zayd (R.A.) akarejeshewa jina la baba yake, Haritha.

Ama mirathi, nisba peke yake haitoshi. Anayedai urithi huthibitisha daraja yake kwa maiti, kama ndugu au mtoto wa ami, na babu wanayekutania, kwa mashahidi au kwa njia nyengine ya kisheria. Na walaa hurithisha upande mmoja tu: aliyeacha huru humrithi aliyeachwa huru asipokuwa na asaba wa nasaba, wala aliyeachwa huru hamrithi bwana wake.

Kwa hiyo, enyi maimamu, mkiletewa mas-ala ya mirathi msimpe mtu fungu kwa jina lake, wala msimnyime mwenye ushahidi kwa kuwa watu wanamnong'ona asili yake. Mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchaji zaidi.

Wallahu A'alam.