UMRI WA WACHEZAJI WAWILI JUU YA BARAFU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana niliachwa nje ya timu ya mpira kwa sababu ya siku nne. Mashindano yalikuwa ya waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari, nami nilizaliwa tarehe 28 Desemba. Nilikasirika sana. Mwalimu wetu aliniambia, "Mwanangu, mstari hauna budi kuchorwa mahali fulani." Sikuridhika, nikaanza kusoma habari za kanuni za umri katika michezo mbalimbali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna wenzangu walio katika taabu kubwa kuliko yangu, nao ni wale wanaoteleza juu ya barafu wawili wawili.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana kwetu barafu ya kutosha kuchezea haipo. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini yake, vikali kama kisu, nao huteleza uwanjani kwa kufuata muziki. Katika mchezo wa wawili huwapo mvulana na msichana. Mvulana humwinua mwenziwe juu ya kichwa huku akiteleza, na mara nyingine humrusha mbali, naye msichana huzunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja. Kwa hiyo mvulana lazima awe na nguvu, na msichana awe mwepesi. Ndiyo sababu mara nyingi mvulana huwa mkubwa kwa miaka kadhaa.

Zamani wasichana wadogo sana walishinda. Mwaka 1936 Maxi Herber wa Ujerumani alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 15. Mwenziwe, Ernst Baier, alikuwa na miaka 30. Mwaka 1986 Ekaterina Gordeeva wa Urusi ya Kisovieti alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 14, pamoja na Sergei Grinkov mwenye miaka 19. Miaka miwili baadaye walishinda Olimpiki mjini Calgary.

Mwaka 1996 Chama cha Kimataifa cha mchezo huu kiliweka kanuni kwamba katika mashindano makubwa ya watu wazima mchezaji awe ametimiza miaka 15 kabla ya tarehe 1 Julai iliyotangulia. Kisha Juni 2022, katika mkutano uliofanyika Phuket, nchi ya Thailand, wajumbe walipiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri huo: miaka 16 kwa msimu wa 2023 hadi 2024, na miaka 17 kuanzia msimu uliofuata. Sababu waliyoitoa ni kulinda afya ya mwili na ya akili ya vijana. Miezi michache kabla ya hapo, katika Olimpiki ya Beijing, dunia nzima ilimwona Kamila Valieva wa Urusi, mwenye miaka 15, akilia mbele ya watu baada ya kipimo chake kuonyesha dawa iliyokatazwa. Yeye hucheza peke yake, lakini jambo lake liliwafanya wengi waulize kama mtoto apaswa kubebeshwa mzigo kama huo.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki haanguki kutoka juu ya kichwa cha mtu! Msichana wa mchezo huu huanguka mara nyingi mazoezini, juu ya barafu ngumu, huku mifupa yake ingali inakua. Kwa hiyo mimi naikubali kanuni hii.

Hata hivyo ina upande wa pili. Mimi nilipozuiwa, timu ilikwenda bila mimi. Lakini mmoja wa wawili akizuiwa, wote wawili wamezuiwa. Sui Wenjing wa Uchina alizaliwa tarehe 18 Julai 1995. Tarehe 1 Julai 2010 alikuwa amebakiza siku 17 tu kutimiza miaka 15, basi yeye na Han Cong hawakuweza kuingia ubingwa wa dunia wa wakubwa wa 2011, ingawa Han alikuwa amekwisha kutimiza miaka 17. Katika ubingwa wa dunia walibaki kwa vijana, wakashinda.

Wao walikuwa na mahali pa kungojea. Wengine wangeweza kukosa. Kwa miaka mingi kanuni za vijana zilitaka msichana awe hajatimiza miaka 19, na mvulana wa mchezo wa wawili awe hajatimiza 21. Kama kikomo hicho kingebaki, chukua mvulana wa miaka 21 na msichana wa miaka 15. Mvulana angekuwa amepita kikomo hicho cha vijana. Msichana angekuwa bado miaka miwili aingie kwa wakubwa. Kwa miaka hiyo miwili wasingekuwa na pa kushindania. Umri wa wakubwa ulipokuwa 15, wangeingia bila shida. Basi ingewabidi wangoje bila mashindano, au mvulana atafute msichana mkubwa zaidi, na yule mdogo aanze upya kujifunza kumwamini mtu mwingine atakayemrusha.

Maoni yangu ni haya. Mstari wa chini ubaki, kwani unalinda watoto. Lakini anayesogeza mstari mmoja autazame na wa pili, asiwaache watu katikati. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mchezo huu umri wa mmoja ni umri wa wote wawili.

Na kungojea si kupotea. Sui na Han walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 2017 na 2019, na mwaka 2022 walipata dhahabu ya Olimpiki katika nchi yao wenyewe. Nami mwaka huu nimejiunga na timu ya wakubwa. Bado nakaa benchi, lakini nafanya mazoezi kila jioni.