KABLA KIKUNDI HAKIJALIPIA DIGRII YA ELIMU MAALUMU



Mwaka 2023 kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa chai, upande wa Nyamira, kilitutembelea ofisini. Walikuwa wameweka kando sehemu ya bonasi yao ili wamsomeshe binti wa mwanachama mmoja, mwalimu wa chekechea mwenye diploma. Walitaka asome digrii ya elimu maalumu kwa njia ya mtandao bila kuacha kazi. Sababu yao ilikuwa nzuri sana. Katika nyumba za wanachama walikuwamo watoto watatu waliokaa nyumbani, mmoja kiziwi na wawili wenye ulemavu wa akili, na shule ya karibu haikuwa na mwalimu aliyejua kuwafundisha.

Chuo walikipata kwenye simu. Kilisema kiko ng'ambo. Kiliahidi digrii kwa miezi kumi, bila mtihani, na tena ati bei ingepanda baada ya Ijumaa. Pesa za kujiandikisha walikuwa wameshatuma. Tulipouliza ni nani amekiruhusu chuo hicho kufundisha, walituonyesha karatasi yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Tulipotafuta jina lake katika orodha za serikali hatukulipata. Pesa za kujiandikisha hazikurudi mpaka leo. Afadhali zile nyingi zilikuwa bado kwenye sanduku la kikundi.

Ndiyo maana tunaandika makala haya. Vikundi vingi sasa vinasomesha vijana, na jambo hili laweza kumpata yeyote.

KUSOMA UKIWA MBALI SI UDANGANYIFU

Tusije tukatupa mbegu pamoja na makapi. Walimu wa Kenya wamesoma wakiwa mbali kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza digrii ya ualimu kwa masomo ya mbali mwaka 1986. Mwaka huohuo serikali ilianzisha Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, yaani KISE, pale Kasarani, Nairobi. KISE imefundisha walimu wengi sana kwa diploma, wakisoma vitabu nyumbani na kukutana darasani wakati wa likizo. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vimefundisha elimu maalumu kwa miaka mingi, na vyote vina masomo ya mtandaoni. Mwezi wa Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoko Konza, kilipewa hati yake ya kufundisha kwa mtandao.

Basi shida haiko kwenye mtandao. Shida ni kutouliza. Kikundi kiulize maswali haya matano kabla ya kutoa hata shilingi moja.

1. NI NANI AMEKIRUHUSU CHUO HIKI?

Katika Kenya, anayetoa ithibati, yaani kibali kwamba masomo yamekaguliwa na yanafaa, ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Tume hii iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Ina orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na orodha ya kozi zilizoidhinishwa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye mtandao wake. Kijana wa saiba pale Keroka au Ogembo atakufungulia kwa dakika chache.

Angalia mambo mawili, chuo na kozi. Chuo chaweza kuwa halali kabisa, lakini kozi hii moja ikawa bado haijaidhinishwa. Hapo ndipo wengi huanguka.

Kama chuo ni cha nchi nyingine, usikikatae kwa sababu hiyo tu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa na serikali mwaka 1992 na kinajulikana. Lakini digrii ya nje lazima itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Ulizeni CUE na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo (KNQA) mapema, siyo baada ya mahafali.

2. JE, TSC ITAMSAJILI?

Bila usajili wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), mtu haruhusiwi kufundisha shule, hata awe na digrii tatu. Kwa mwalimu wa sekondari, TSC huangalia kama alipata angalau C+ ya jumla katika KCSE, na pia C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Kuna watu waliopitia njia ndefu, cheti kisha diploma kisha digrii, halafu wakakwama kwa sababu ya alama za kidato cha nne. Kwa hiyo peleka vyeti vyake katika ofisi ya TSC ya kaunti, ukaulize: "Huyu akimaliza kozi hii, mtamsajili kwa ngazi gani?" Mwombaji mwenye ulemavu aulize pia kama ana nafuu yoyote katika masharti.

Tuseme na jambo lingine wazi. Zamani mwalimu wa P1 akipata digrii alipandishwa cheo karibu moja kwa moja. Siku hizi anangoja nafasi itangazwe, kisha anaenda kwenye usaili. Msimwahidi binti yenu mshahara ambao hamna hakika nao.

3. ATAFUNDISHWA ULEMAVU GANI?

Elimu maalumu ina matawi. Mwalimu wa watoto wasioona anahitaji breli. Mwalimu wa viziwi anahitaji lugha ya ishara. Mwalimu wa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili anahitaji njia nyingine kabisa. Chagueni kozi mkiwatazama watoto wenu.

Hapa vyuo vya nje vina mtego ambao wengi hawaufahamu. Lugha ya ishara si moja duniani. Ya Marekani si sawa na ya Uingereza, na zote mbili si Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba yetu ya 2010 inaitaja kwa jina. Mwalimu aweza kurudi na alama nzuri, asimame mbele ya mtoto kiziwi wa Nyansiongo, na wasielewane hata kidogo.

4. MAZOEZI YA KUFUNDISHA ATAFANYIA WAPI?

Huwezi kujifunza kumshika mkono mtoto anayeanza kuandika kwa kutazama simu peke yake. Kozi ya kweli ya ualimu lazima impeleke mwanafunzi darasani, na mkaguzi wa chuo aje amwone akifundisha. Ulizeni: atafundisha shule gani, kwa muda gani, na nani atamkagua? Chuo kikijibu kwamba hakuna haja, fungeni mazungumzo.

5. GHARAMA YOTE NI KIASI GANI?

Karo ni mwanzo tu. Andikeni pia pesa za mtihani, bando za simu, kompyuta, nauli, chakula wakati wa mazoezi na ada ya mahafali. Zidisheni kwa miaka yote. Digrii ya ualimu huchukua kama miaka minne, ingawa mwenye diploma aweza kupunguziwa muda. Ulizeni pia kuhusu mkopo wa HELB. Pesa zikiwa hazitoshi, fikirieni diploma ya KISE kwanza. Hiyo si kushindwa. Kwa mwalimu ambaye tayari ana kazi na anataka ujuzi wa kuwafaa watoto, mara nyingi ndiyo njia ya karibu zaidi.

DALILI ZA MATAPELI

Mwezi wa Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliendesha mamia ya shule na vyuo vya uongo kwenye mtandao. Picha zilikuwa nzuri, simu zilijibiwa kwa adabu, na hata mashirika ya kutoa ithibati yalikuwa ya kubuni. Kwa hiyo karatasi ya ithibati haitoshi. Uliza, aliyeitoa ni nani?

Jihadharini na chuo kinachoahidi digrii kwa miezi michache, kinachotoa digrii kwa "uzoefu wa maisha", kinachowaharakisha kulipa, au kinachotaka pesa zitumwe kwa simu ya mtu binafsi.

MAPATANO YA KIKUNDI

Katika egesangio kila mtu hujua siku ya shamba lake na siku ya shamba la jirani. Pesa za masomo nazo ziende hivyo. Je, ni msaada au mkopo? Akiacha njiani itakuwaje? Atarudi kuwafundisha watoto wa hapa, au TSC ikimpeleka mbali mtamruhusu? Andikeni katika kumbukumbu za mkutano, watu waweke sahihi. Lipeni karo kwa akaunti ya chuo, muhula kwa muhula, na matokeo yasomwe kikundini.

MTOTO HANGOJI

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Wale akina mama walikuwa wakisema, binti akimaliza, watoto wataanza shule. Tuliwaambia hapana. Mtoto kiziwi wa miaka tisa akingoja miaka minne atakuwa na kumi na mitatu bila lugha. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Ofisi za tathmini ya watoto (EARC) ziko. Ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, mtoto apimwe, mpewe ushauri wa shule.

Wale watatu walipimwa. Yule kiziwi yuko shule ya bweni, na akija likizo anamfundisha mama yake ishara jikoni. Binti naye anasoma, katika chuo cha hapa Kenya tulichokikuta kwenye orodha zote. Anasoma usiku, baada ya kazi. Wanakikundi wanalipa kidogo kidogo kila bonasi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Ni watoto wangapi wenye ulemavu katika nyumba zetu hawaendi shule? Wamepimwa?
- Tukimsomesha mtu mmoja, ni ujuzi gani hasa tunauhitaji?
- Nani kati yetu atakwenda TSC kuuliza, na atatuletea jibu siku gani?