Boksi la fyuzi: soko linalolipa kifaa na kusahau kipimo

Pikapu kuukuu ikianza kufifiza taa au kugoma kuwaka asubuhi, mwenye gari hukimbilia betri. Betri mpya isiposaidia, lawama huhamia kwa altaneta. Mara nyingi fedha hizo zikishatoka ndipo fundi umeme anapofungua mfuniko wa boksi jeusi lililo karibu na betri, ndani ya boneti, na kukuta plastiki imeyeyuka kuzunguka fyuzi na kutu ya kijani imeota kwenye miguu ya rilei, zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme.

Kujenga upya boksi hilo ni kazi inayofahamika vizuri katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na eneo la Kisekka jijini Kampala. Sera za serikali nazo zinaipa wateja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Mwaka 2018, Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa magari yaliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haijafunga mlango, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari lenye umri mkubwa. Mwenye Hilux ya miaka ya 1990 akipiga hesabu ya kununua nyingine, huona afadhali aitengeneze aliyonayo.

Njia tatu, bei tatu

Njia ya kwanza ni kuagiza boksi jipya kwa wakala. Ndiyo ghali kuliko zote, na kwa matoleo ya zamani huenda kifaa hakitengenezwi tena, au kikauzwa pamoja na mkungu mzima wa waya.

Ya pili ni boksi la mtumba lililokatwa kwenye gari lililochinjwa, likiwa na mkia wa waya wake. Mnunuzi mwenye uzoefu huuliza kwanza urefu wa mkia, kwa kuwa waya zikikatwa fupi fundi atalazimika kuunga kila moja palepale penye joto na maji. Tatizo jingine ni umri: boksi hilo nalo limeishi miaka ileile kama lililoharibika.

Ya tatu ni kulijenga upya boksi lenyewe. Fundi huchomoa terminali zilizoungua, hukata waya hadi afikie shaba inayong'aa, hubana terminali mpya kwa koleo maalumu na kuzirudisha kwenye soketi. Soketi zilizoyeyuka huachwa, na mizigo mikubwa kama taa za mbele na feni huhamishiwa kwenye kishikio kipya pembeni. Vifaa vyake si ghali. Kinachokula fedha ni saa za fundi.

Joto linatoka wapi

Fyuzi iliyolegea kwenye soketi, au yenye kutu, huongeza ukinzani pale inapogusana na terminali. Tuseme ukinzani huo umefika omu 0.05, kiasi kidogo ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi kukisoma sawasawa. Ukipitisha ampea 20, volti 1 inapotea na wati 20 zinageuka joto mahali pamoja padogo, karibu sawa na chuma kidogo cha kulehemu kilichoachwa kimewashwa ndani ya plastiki. Fyuzi haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi kiwango chake. Kinachoyeyuka ni nyumba yake.

Kwa hiyo kuweka fyuzi kubwa zaidi hakuponyi ugonjwa. Kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya ni hatari zaidi, maana siku ya shoti hakuna cha kukata umeme. Mwenye gari kuukuu aliyekata bima ndogo tu, ile ya lazima kisheria, halipwi gari lake likiungua.

Rilei nazo zina mtego wake. Za Ulaya huandikwa 30, 85, 86 na 87. Za Kijapani mara nyingi 1, 2, 3 na 5, na mpangilio wa miguu unaweza kutofautiana hata pale umbo linapofanana. Pikapu nyingi hutumia volti 12, malori makubwa 24. Rilei ya volti 24 ikiingizwa kwenye pikapu huenda isivute kabisa. Ya volti 12 ikiwekwa kwenye lori, koili yake huungua. Dukani zote mbili zimepangwa kwenye rafu moja.

Nani analipwa kwa nini

Hapa ndipo biashara hii inapojikwaa. Mteja anakubali kulipia rilei kwa sababu anaishika mkononi. Nusu saa ya kupima haishikiki, hivyo haina bei. Fundi anayejua hali hiyo huficha malipo ya akili yake ndani ya bei ya vifaa, au hutegemea kamisheni ya duka analompeleka mteja. Matokeo yake, anayebahatisha na kubadilisha vitu vitatu hupata zaidi ya anayepima na kubadilisha kimoja.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Taa zikiwa zimewashwa, mita inawekwa kwenye volti. Ncha moja inaguswa kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye waya unaotoka kwenye rilei kwenda taa. Usomaji ukikaribia volti 1, kuna mahali njiani panapokula umeme, na fundi atasogeza ncha hatua kwa hatua hadi apaone. Kazi ikiisha hupima tena palepale, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo risiti ya kweli ya mteja.

Vyeti vinaweza kusaidia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, hufundisha umeme wa magari na pia hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Kenya ina majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani. Lakini cheti hakibadilishi tabia ya malipo. Gereji inayotaka kujitofautisha iandike bei ya upimaji ukutani, iitoze hata mteja akiondoka bila kununua kifaa, na iikate kwenye bili akirudi kutengeneza. Hapo fundi mwenye mita atakuwa na sababu ya kuitumia, na mwenye pikapu ataacha kununua betri asiyoihitaji.